Mauzo ya konsoli za vizazi tofauti: namba zipi zinalinganishika?

Kete64:

Wakuu, salaam. Naandaa jedwali la mauzo ya konsoli kuanzia PlayStation 2 hadi Switch 2. Lengo ni kuonyesha kila kizazi kiliuza kiasi gani, na mashine ipi ilienda kasi kuliko iliyoitangulia. Nimekwama sehemu tatu.

Kwanza ni PS5 dhidi ya PS4. Wapo wanaosema PS5 iko nyuma, wapo wanaosema ziko sawa, na kila upande una namba mkononi. Pili, Switch sijui niiweke kizazi gani. Ilitoka Machi 2017 kuchukua nafasi ya Wii U, ikagombea wateja na PS4, halafu ikaendelea kuuzwa hadi PS5 inatimiza miaka mitano. Tatu ni Xbox. Kwa 360 napata milioni 84, lakini Xbox One na Series kila ukurasa una namba yake.

Kwa sasa jedwali lina safu mbili tu: jina la konsoli na jumla ya mauzo. Niongeze nini? Natumia Excel, na data nilizonazo ni za mwaka wa fedha, si za robo mwaka.

Bi Takwimu:

Kete, shida iko kwenye hizo safu mbili. Namba ya mauzo isiyo na tarehe wala aina haiwezi kulinganishwa na nyingine yoyote.

Tuanze na aina. Ripoti za robo mwaka za Sony na Nintendo zinahesabu mashine ambazo kampuni imewauzia wasambazaji na maduka. Mashine iliyo kwenye rafu, au bado iko kwenye ghala la msambazaji, imeshaingia kwenye hesabu. Aina ya pili ni mashine zilizochukuliwa na wateja wenyewe. Hizo kampuni hutangaza inapotaka, mara nyingi ikifikia namba ya kujivunia kama milioni 50 au 100. Aina ya tatu ni makadirio ya watafiti wa soko: Famitsu kila wiki kwa Japani, Circana (iliyokuwa ikiitwa NPD) kwa Marekani, GfK kwa nchi kadhaa za Ulaya. Kila mmoja anaona soko lake tu, kwa hiyo usijumlishe namba zao ukaita mauzo ya dunia.

Kwa konsoli za zamani za Sony kuna mtego mwingine. Hadi Machi 2007 Sony ilihesabu mashine zilizotoka kiwandani, kisha ikahamia kwenye mashine ilizouza kwa wasambazaji. Tofauti si ndogo. Kwa PS3, hesabu ya kiwandani hadi tarehe 31 Machi 2007 ilikuwa milioni 5.5, na hesabu ya mauzo kwa kipindi hicho hicho ilikuwa kama milioni 3.6. Ukichukua 5.5 kuwa mwaka wa kwanza wa PS3, kisha miaka inayofuata ukatumia hesabu mpya, umehesabu karibu mashine milioni 2 mara mbili.

Sasa PS5 na PS4. Mabishano yote yanatokana na watu kupanga namba kwa kalenda badala ya umri wa mashine. Panga kwa umri:

PS4 ilitoka tarehe 15 Novemba 2013. Ilifikisha milioni 50 mikononi mwa wateja tarehe 6 Desemba 2016, yaani siku 1,117.

PS5 ilitoka tarehe 12 Novemba 2020. Ilifikisha milioni 50 mikononi mwa wateja tarehe 9 Desemba 2023, yaani siku 1,122.

Ni tofauti ya siku tano, ndani ya miaka mitatu ambayo PS5 ilipitia uhaba wa chipu. Tazama pia mashine zilizouzwa kwa wasambazaji: hadi 31 Machi 2018 PS4 ilikuwa na milioni 79.0, na hadi 31 Machi 2025 PS5 ilikuwa na milioni 77.8. Umri ni ule ule, miezi 52 na nusu. Anayesema PS5 iko nyuma hajakosea, ila iko nyuma kwa asilimia moja na nusu, na hiyo si habari ya kuandikia kichwa kikubwa.

Jedwali lako liwe na safu hizi: konsoli, tarehe ya kwanza kuuzwa popote duniani, tarehe ya namba, aina ya namba (kwa wasambazaji, kwa wateja au makadirio), mamilioni, chanzo, umri kwa miezi. Umri unaupata kwa =(C2-B2)/30.4375, ambapo C2 ni tarehe ya namba na B2 ni tarehe ya kutoka. Ukimaliza, weka kichujio kwenye safu ya aina. Mistari yenye aina tofauti isikutane kamwe kwenye grafu moja.

Robo ya Tatu:

Nakubaliana na dada hapo juu. Naongeza kuhusu data za mwaka wa fedha, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu grafu zao.

Sony na Nintendo hufunga mwaka tarehe 31 Machi, Microsoft tarehe 30 Juni. Mwaka unaoanza Aprili 2024 Sony inauita mwaka wa fedha 2024, wakati Nintendo inauita mwaka unaoishia Machi 2025. Ni miezi ile ile kumi na miwili. Wapo wanaozisoma kama miaka miwili tofauti, basi mstari wa kampuni moja unasogea mwaka mzima kwenye grafu. Andika tarehe ya kufunga, jina la mwaka liache.

Jambo la pili ni kukisia namba za katikati. Ukiwa na namba ya Machi hadi Machi, unashawishika kuchora mstari ulionyooka na kusoma Septemba au Desemba juu yake. Kwa konsoli hilo halifai, kwa sababu Oktoba hadi Desemba hubeba mzigo wa mwaka. Mwaka wa fedha 2024 PS5 iliuza hivi kwa robo: milioni 2.4, 3.8, 9.5 na 2.8. Robo moja ina zaidi ya nusu ya mauzo yote 18.5.

Jaribu mwenyewe. Machi 2024 jumla ilikuwa 59.3, Machi 2025 ikawa 77.8. Mstari ulionyooka unakupa 68.6 mwishoni mwa Septemba 2024, lakini ukijumlisha robo zenyewe unapata 65.5. Umezidisha milioni 3.1. Mwishoni mwa Desemba mstari unakupa 73.2 wakati ukweli ni 75.0, hivyo sasa umepunguza. Ndani ya miezi mitatu kosa limegeuka upande, na msomaji wa grafu yako ataona kasi ambayo haikuwepo.

Wala usitumie mgawo wa mwaka mmoja kukisia mwaka mwingine. Mwaka wa fedha 2022 robo za PS5 zilikuwa 2.4, 3.3, 7.1 na 6.3. Januari hadi Machi ilikaribia kulingana na msimu wa sikukuu, kwa sababu mashine zilianza kupatikana kwa wingi na watu waliosubiri tangu 2020 wakanunua. Mwaka uliofuata zikawa 3.3, 4.9, 8.2 na 4.5. Robo zote zipo kwenye ripoti za wawekezaji za Sony na Nintendo, tena bure. Chukua hizo, achana na za mwaka.

Na desimali zisikusumbue. Sony inakata kwenye laki moja, kwa hiyo ukijumlisha miaka ya PS5, yaani 7.8, 11.5, 19.1, 20.8 na 18.5, unapata 77.7 na si 77.8. Hakuna aliyedanganya, ni kukata tu. Kwa jumla tumia jumla iliyotangazwa, kwa kasi tumia robo.

Padi ya Pwani:

Kuhusu Switch: usihangaike kuitafutia namba ya kizazi. Hesabu ya vizazi ilibuniwa na wapenzi na waandishi wa gemu, kampuni hazitoi ripoti kwa mpangilio huo. Wengi wanaiweka Switch kizazi cha nane kwa kuwa ilitoka wakati wa PS4. Ukifanya hivyo, Nintendo inakuwa na konsoli mbili za TV kizazi kimoja, Wii U na Switch. Ukiipeleka cha tisa, inakuwa imetangulia PS5 kwa miaka mitatu na miezi minane. Hakuna pa kuiweka pasipo na tatizo.

Swali linalojibika ni hili: Switch ilirithi nani? Ilirithi konsoli mbili kwa pamoja, ya TV na ya mkononi. Zamani Nintendo ilikuwa na njia mbili, na nyumba moja ingeweza kununua zote mbili. Jumlisha njia hizo, kwa mamilioni:

GameCube 21.74 + Game Boy Advance 81.51 = 103.25
Wii 101.63 + DS 154.02 = 255.65
Wii U 13.56 + 3DS 75.94 = 89.50
Switch peke yake hadi 30 Septemba 2025 = 154.01

Ukiilinganisha Switch na Wii U peke yake, imeuza zaidi ya mara kumi na moja, na utadhani ni muujiza. Ukiilinganisha na Wii na DS kwa pamoja, ni asilimia 60. Kwangu mimi mstari wa tatu na wa nne ndio unaoeleza kilichotokea: Nintendo ilifunga njia mbili, ikabaki na moja, na hiyo moja ikauza kuliko zile mbili za mwisho zikijumlishwa. Hapo lakini kumbuka kuwa nyumba nyingi zina Switch mbili au tatu, maana Nintendo inahesabu matoleo yake yote, ya kawaida, Lite na OLED, pamoja. Mashine milioni 154 si familia milioni 154.

Tazama pia umbo la mauzo. Wii kwa mwaka wa fedha: 5.84, 18.61, 25.95, 20.53, 15.08, 9.84, 3.98. Switch: 2.74, 15.05, 16.95, 21.03, 28.83, 23.06, 17.97, 15.70, 10.80. Wii ilipanda haraka, ikashuka haraka. Switch kilele chake kilikuja mwaka wa fedha 2020, wakati watu wamefungiwa ndani na gemu ya Animal Crossing: New Horizons imetoka tarehe 20 Machi 2020. Angalizo: ile 2.74 ya kwanza ni ya mwezi mmoja tu, kwa kuwa mashine ilitoka tarehe 3 Machi na mwaka ukafungwa tarehe 31. Ukiiita "mwaka wa kwanza wa Switch" umeionea. Hata 5.84 ya Wii ni ya miezi minne na ushei.

Kwa Switch 2 kuna ulinganisho mmoja safi sana. Switch ya kwanza hadi 30 Juni 2017 ilikuwa na siku 119 sokoni na milioni 4.70. Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025, na hadi 30 Septemba ilikuwa na siku 117 na milioni 10.36. Hakuna msimu wa sikukuu upande wowote, na namba zote ni za aina moja. Ni zaidi ya maradufu. Lakini kinachopimwa hapo ni uwezo wa kiwanda kuliko hamu ya wateja, kwa sababu mwaka 2017 Switch ilikuwa adimu madukani, na safari hii Nintendo ilijiandaa na shehena kubwa mapema. Hamu ya wateja itaonekana mwaka wa tatu na wa nne.

Kete64:

Nashukuru sana, hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimeanza kubadilisha jedwali. Lakini wasomaji wangu watataka jumla ya kila kizazi, hilo silikwepi. Cha sita, cha saba, cha nane. Nazipataje bila namba za Xbox?

Mzee wa Dreamcast:

Kizazi cha sita na cha saba zinapatikana. Cha nane utaweka kikomo cha juu, si jumla.

Cha sita: PS2 milioni 160, Xbox ya kwanza 24, GameCube 21.74, Dreamcast 9.13. Jumla kama 215.

Cha saba: Wii 101.63, PS3 87.4, Xbox 360 milioni 84. Jumla kama 273. Hiyo 84 si ya mwisho. Microsoft iliitangaza katikati ya 2014, na 360 iliendelea kutengenezwa hadi 2016. Kwa hiyo andika "si chini ya 84" kwenye safu ya maelezo.

Cha nane: PS4 milioni 117.2, Wii U 13.56. Kwa Xbox One, namba ya mwisho iliyotoka kwa Microsoft yenyewe ni karibu milioni 10 zilizopelekwa madukani, Novemba 2014. Mwaka 2015 ikaacha kabisa kutaja idadi ya mashine. Tangu hapo ripoti zake zinataja asilimia ya kupanda au kushuka kwa mapato ya vifaa, na hiyo haigeuki kuwa idadi, kwa sababu Series S na Series X zinapishana bei sana na hujui zimeuzwa kwa uwiano gani.

Mlango mmoja ulifunguka Agosti 2022. Microsoft, ikitetea ununuzi wa kampuni ya gemu ya Activision Blizzard mbele ya CADE, mamlaka ya ushindani ya Brazil, iliandika kuwa Sony iliuza zaidi ya mara mbili ya Xbox katika kizazi kilichopita. Basi Xbox One iko chini ya nusu ya 117.2, yaani chini ya 58.6. Hicho ni kikomo, usikigeuze kuwa namba ya mauzo. Makadirio yenye desimali unayoyaona mitandaoni yana sura ya uhakika kuliko uhakika wenyewe. Kwa Series X na S acha kisanduku wazi. Kisanduku kitupu ni taarifa, namba ya kubuni si taarifa.

Kwa hiyo kizazi cha nane bila Switch ni chini ya milioni 189.4. Hapa ndipo watu wanapoandika kwamba soko la konsoli lilianguka, kutoka 273 hadi chini ya 190. Waongezee za mkononi uone. Cha saba ongeza DS 154.02 na PSP 76.4, inakuwa kama 503. Cha nane ongeza 3DS 75.94 na Switch 154.01, inakuwa chini ya 420, ukiacha Vita, mashine ya mkononi iliyofuata PSP, ambayo Sony iliichanganya na PSP kwenye ripoti zake tangu mwaka wa fedha 2012. Idadi ya mashine ilishuka kweli, lakini ukiihesabu Switch upande wa TV, kushuka kuko kwenye mashine za mkononi, ambazo simu ilizimaliza. PS4 iliipita PS3 kwa karibu milioni 30. Hakuna aliyeacha kucheza kwenye TV.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi ya kizazi cha sita, kuwa mwangalifu na Sega. Dreamcast ina mwanzo na mwisho unaoeleweka: Japani tarehe 27 Novemba 1998, Marekani tarehe 9 Septemba 1999, na tarehe 31 Januari 2001 Sega ikatangaza kuacha kuitengeneza. Mega Drive, konsoli ya Sega ya zamani zaidi, ni fujo. Kampuni ya Majesco iliirudisha sokoni Marekani mwaka 1998 kwa leseni, na Tectoy ya Brazil imekuwa ikiiuza kwa matoleo mbalimbali kwa miongo. Ukiona jumla ya Mega Drive, uliza kwanza kama Tectoy na Majesco wamo. Mara nyingi mwandishi mwenyewe hajui.

Fundi wa Kizazi cha Sita:

Mkuu, umeandika PS2 160. Ripoti za mauzo za Sony ziliishia milioni 155 Machi 2012.

Mzee wa Dreamcast:

Zote ni za Sony. 155 ni hadi 31 Machi 2012, na PS2 iliendelea kutengenezwa hadi mwisho wa 2012, mwanzo wa 2013. Mwaka wa fedha 2012 Sony iliichanganya PS2 na PS3 kwenye safu moja, kwa hiyo mkia wa mwisho haukuonekana peke yake. Mwaka 2024 Jim Ryan, wakati anaondoka kwenye uongozi wa PlayStation, alitaja milioni 160, na baadaye mwaka huo kumbukumbu ya miaka 30 ya PlayStation ikaandika zaidi ya milioni 160. Kwa jumla ya mwisho tumia 160. Kwa mstari wa grafu unaofuata umri, ishia kwenye 155, kwa kuwa ndiyo yenye tarehe.

Fundi wa Kizazi cha Sita:

Sawa, hapo nakubali, hasa kuhusu tarehe.

Basi niongeze jambo ambalo jumla za mwisho zinalificha kabisa. Watu wanajua PS2 iliuza kuliko PS4. Wachache wanajua kwamba PS4 ilikuwa na kasi zaidi hadi milioni 100. PS2 ilifika huko mwishoni mwa Novemba 2005, miaka mitano na miezi karibu tisa tangu tarehe 4 Machi 2000. PS4 ilifika tarehe 30 Juni 2019, miaka mitano na miezi saba na nusu. Tena PS2 inahesabiwa kwa mtindo wa zamani wa kiwandani, ambao unaipendelea.

Baada ya hapo PS2 iliongeza milioni 60, PS4 ikaongeza 17. Tofauti yote iko kwenye mkia, na mkia unatengenezwa na bei. PS2 ilianza kwa dola 299 Marekani, na Aprili 2009 ilikuwa dola 99.99, wakati PS3 tayari ina zaidi ya miaka miwili sokoni. Ilikuwa mashine ya bei ya chini kwa nchi na familia ambazo PS3 ya dola 599 haikuwahusu. PS4 Slim ilitoka Septemba 2016 kwa dola 299 na bei rasmi haikukaribia 99 hata siku moja. PS5 imeenda kinyume kabisa: Agosti 2022 ilipanda bei Ulaya kutoka yuro 499 hadi 549, na Agosti 2025 Marekani ikatoka dola 499.99 hadi 549.99. Konsoli inayopanda bei mwaka wa tano usitarajie iwe na mkia wa PS2, hata kama miaka yake minne ya kwanza inafanana na ya PS4.

Ndiyo maana Kete naomba uongeze safu ya bei, na uirekebishe kwa mfumuko wa bei. Tumia wastani wa mwaka wa faharasa ya bei za walaji ya Marekani: 2000 ni 172.2, 2006 ni 201.6, 2024 ni 313.7. Fomula ni bei × (faharasa ya 2024 ÷ faharasa ya mwaka wa kutoka). PS2 ya 299 inakuwa kama dola 545 za 2024. PS3 ya 599 inakuwa kama 932. Ukiiona hiyo 932 huhitaji maelezo marefu kwa nini PS3 ilianza kwa kuchechemea, na kwa nini ilichangamka Septemba 2009 ilipokuja ile nyembamba ya dola 299. Ila faharasa hiyo ni ya Marekani pekee. Usiibebe ukaisomea bei ya Nairobi au Dar es Salaam, kule kuna shilingi, ushuru na faida ya mwagizaji.

Bi Takwimu:

Safu nyingine moja ikiwezekana: idadi ya gemu zilizouzwa kwa kila mashine. Nintendo inatoa jumla za gemu, unagawa tu.

GameCube: gemu milioni 208.57, mashine 21.74, wastani 9.6. Wii: 921.85 kwa 101.63, wastani 9.1. Wii U: 103.60 kwa 13.56, wastani 7.6. DS: 948.76 kwa 154.02, wastani 6.2.

Wengi husema Wii ilinunuliwa kwa Wii Sports kisha ikawekwa kabatini. Wastani wa 9.1 unalipinga hilo kwa sehemu, lakini si kwa ukamilifu, kwa kuwa Wii Sports ilikuja ndani ya boksi karibu kote isipokuwa Japani, na Nintendo inahesabu gemu za ndani ya boksi. Ondoa moja kwa kila mashine ya nje ya Japani ndipo ulinganishe na GameCube. Kwa konsoli za sasa safu hii inaharibika, kwa sababu ya gemu za kupakua, za usajili wa kila mwezi na za bure kama Fortnite. Mtu anaweza kumiliki PS5 miaka mitatu asinunue hata diski moja, na Sony bado inamuuzia vitu kila wiki. Ishie kwenye Wii U, usiende mbele ya hapo.

Kete64:

Nimeelewa, naongeza bei na gemu hadi Wii U. Swali la mwisho. Huku kwetu mashine nyingi ni mtumba, au zimepitia Dubai. Hizo ziko wapi kwenye namba hizi?

Padi ya Pwani:

Zimo, ila si chini ya jina letu. PS4 iliyouzwa mara ya kwanza Uingereza imehesabiwa Ulaya siku ilipotoka kwa Sony kwenda kwa msambazaji. Ikija Kariakoo ikauzwa tena, ikaenda Mwanza ikauzwa mara ya tatu, haiongezi kitu. Mashine mpya kutoka Dubai nayo imehesabiwa mara moja, kwenye eneo la msambazaji wa kwanza. Nintendo inagawa dunia kuwa Japani, Amerika, Ulaya na kwingineko, basi hata mashine mpya kabisa ya Mombasa haina mstari wake.

Kwa jumla ya dunia hilo halikusumbui. Linakusumbua ukitaka kusema konsoli ipi inachezwa zaidi Afrika Mashariki, kwa sababu namba hizi haziwezi kukujibu. PS2 zilizojaa kwenye vibanda vya gemu zilishahesabiwa nchi nyingine, na kibanda kimoja chenye mashine nne kinahudumia vijana wa mtaa mzima. Ukitaka hilo, hesabu vibanda, mashine kwa kila kibanda, na saa zinazolipiwa kwa siku. Hilo ni jedwali tofauti, usilichanganye na hili.